Lugha kama Kipimo cha Ubongo Unaokua: Utafiti wa Utambuzi wa Watoto kutoka Kilifi hadi Mpapura

1.0 Utangulizi

Mtoto wa miaka mitano anapokalishwa mbele ya mpimaji na kuambiwa arudie tarakimu, aonyeshe picha au ataje vitu vinavyoliwa, inasemekana kuwa kinachopimwa ni ubongo wake. Kinachosikika, hata hivyo, ni lugha yake. Makala haya yanakusudia kueleza uhusiano wa mambo hayo mawili katika taaluma inayochunguza jinsi ubongo wa mtoto unavyokua sambamba na uwezo wake wa kutambua, kukumbuka, kuzingatia na kusema. Taaluma hiyo itaitwa hapa sayansi ya ubongo na utambuzi wa mtoto. Hoja inayotetewa ni kwamba katika Afrika ya Mashariki chombo kikuu cha taaluma hii si mashine bali ni neno linalosemwa, na kwamba kwa sababu hiyo kosa la kiisimu huweza kugeuka kosa la kitabibu: mtoto mzima akaandikwa kuwa ana kasoro, na mtoto aliyeumia akapita bila kuonekana.

Mifano mingi inatoka Kilifi, Kampala, Bagamoyo na Pemba, ambako tafiti zilifanyika. Kata ya Mpapura, katika Wilaya ya Mtwara, upande wa bara wa Mikindani, inaletwa kama mahali pa kuijaribia hoja. Sababu ni mbili. Kwanza, malaria: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 20 ya watoto wadogo waliopimwa katika Mkoa wa Mtwara walikuwa na vimelea, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 8. Pili, lugha: mtoto wa huko hukua kati ya Kimakonde na Kiswahili, kwa viwango vinavyotofautiana nyumba hata nyumba, na Kiswahili chenyewe anachokisikia ni cha pwani ya kusini, si cha Kilifi wala cha Dar es Salaam.

2.0 Malaria na ubongo wa mtoto

Ubongo wa mwanadamu hukua kwa kasi kubwa mno katika miaka ya mwanzo. Mtoto anapotimiza miaka miwili, ubongo wake umekwisha kufikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo mtoto wa maeneo yenye malaria nyingi hajajijengea kinga. Chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na vimelea vya *Plasmodium falciparum* hunata katika kuta za mishipa midogo, ikiwamo ya ubongo, na kuzuia damu kupita vyema. Mtoto hupatwa na mitukutiko, kisha hupoteza fahamu. Huko Blantyre, Malawi, ambako hospitali kuu ilipata mashine ya kupiga picha za ubongo kwa nguvu za sumaku, matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kuwa kati ya watoto 25 waliofariki kwa malaria ya ubongo, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo walipopokelewa.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mtoto akiamka na kutembea, basi amepona. Imani hiyo ilivunjwa kwa sehemu kubwa na kazi iliyofanyika Kilifi, katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI), Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford. Charles Newton, daktari wa neva za watoto, na Penny Holding, mwanasaikolojia, pamoja na wenzao waliwafuatilia watoto miaka kadhaa baada ya kutoka hospitali. Utafiti ulioongozwa na Julie Carter, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta kuwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne waliougua malaria ya ubongo, au malaria yenye mitukutiko ya kurudiarudia, alikuwa na upungufu fulani. Miongoni mwa wasiougua hivyo, alikuwa takriban mmoja kati ya kumi. Lugha ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika. Kampala nako, Chandy John, Michael Boivin, Paul Bangirana na wenzao waliwafuatilia watoto 44 waliopona malaria ya ubongo. Baada ya miaka miwili, asilimia 26.3 kati yao walikuwa na upungufu wa utambuzi, ikilinganishwa na asilimia 7.6 ya watoto wenzao wasiougua.

Tarakimu hizi ni nzito, na zinastahili kuaminiwa. Lakini inafaa kuuliza zilipatikanaje. Hazikusomwa kwenye mashine. Zilitokana na watoto walioulizwa, wakajibu, na wazazi walioulizwa, wakasimulia.

3.0 Neno la kwanza: degedege

Tatizo la lugha huanza kabla ya mtoto kupimwa. Mtafiti anapotaka kujua ni watoto gani waliwahi kupatwa na mitukutiko, humuuliza mama. Na mama hana neno "mitukutiko" katika mazungumzo yake ya kila siku. Analo neno *degedege*.

Tafiti zilizofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990, hasa zile za Peter Winch na wenzake na za A.M. Makemba na wenzake, zote zilizochapishwa mwaka 1996, zilionyesha kuwa homa ya malaria na degedege yalikuwa maradhi mawili tofauti katika fikra za wazazi. Homa ya malaria ilihesabiwa kuwa maradhi ya kawaida, ya hospitali. Degedege lilihusishwa na mdudu au ndege na nguvu zisizoonekana, na tiba yake ilianzia kwa mganga. Tena ilihofiwa kuwa mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Miongoni mwa Wamijikenda wa Kilifi nako jina la maradhi ya namna hiyo, *nyuni*, maana yake ni ndege. Si ajabu kwamba lugha mbili za pwani zimefikia taswira moja: mtoto anayetukutika mikono, macho yakiwa juu, anafanana na ndege aliyenaswa.

Kwa mwanaisimu, hili ni suala la semantiki ya kawaida kabisa: mipaka ya neno la wenyeji hailingani na mipaka ya istilahi ya kitabibu. Kwa mtafiti wa ubongo, ni suala la nani aingie kundi gani. Akiuliza, "Mtoto amewahi kuugua malaria kali?" mama ambaye mwanawe alipatwa na degedege anaweza kujibu hapana, na kwa ukweli wake. Mtoto huyo ataingizwa katika kundi la wasiougua. Upungufu wake, kama anao, utahesabiwa kuwa ni hali ya kawaida ya watoto wa kijiji, na tofauti baina ya makundi mawili itapungua. Namna hiyo athari ya ugonjwa hufichwa na swali lililoandikwa kwa Kiswahili sanifu kisicho na dosari.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba dawa ya tatizo hili ni kuchukua *degedege* la Bagamoyo na kulipeleka Mpapura. Neno hilo linajulikana kote linakozungumzwa Kiswahili, lakini maana inayolibeba hutegemea jamii, na mzazi anayefikiri maradhi ya mwanawe kwa Kimakonde ana migawanyo yake. Kazi inayotakiwa ni ile ya uwandani: kukusanya majina ya maradhi ya watoto, dalili zinazoambatana na kila jina, na anayeitwa kutibu. Mwanafunzi wa uzamili wa leksikografia anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko daktari.

4.0 Tarakimu, silabi na kumbukumbu

Kipimo kimoja kinachotumika karibu kila mahali ni cha kurudia tarakimu. Mpimaji hutaja "tatu, nane, moja", mtoto hurudia, kisha urefu wa mfuatano huongezwa hadi ashindwe. Kipimo hiki huonekana kana kwamba hakina utamaduni wala lugha, kwa kuwa namba ni namba popote. Dhana hiyo si sahihi.

Alan Baddeley na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ya maneno haina idadi maalumu ya vitu inavyovibeba, bali hubeba kiasi kinachoweza kutamkwa kwa takriban sekunde mbili. Maneno yakiwa marefu, yanayokumbukwa ni machache. N.C. Ellis na R.A. Hennelly wakalithibitisha jambo hilo mwaka 1980 kwa lugha mbili za Uingereza: wazungumzaji wa Kiwelishi walikuwa wakipata alama za chini kuliko kawaida ya Kiingereza katika kurudia tarakimu kwa sababu tarakimu za Kiwelishi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa, si kwa sababu akili zao ni pungufu.

Sasa itazamwe hali ya Kiswahili. Kuanzia *moja* hadi *tisa*, kila tarakimu ina silabi mbili. Hata *nne* ni silabi mbili, kwa kuwa nazali yake ya mwanzo ni silabi. Katika Kiingereza, tarakimu za moja hadi tisa zote zina silabi moja isipokuwa ile ya saba. Mtoto wa Kiswahili hubeba karibu mara mbili ya silabi anazobeba mwenziwe kwa mfuatano uleule. Zaidi ya hayo, tarakimu za Kiswahili zinafanana kwa sauti: *tatu* na *tano* huanza sawa; *nne* na *nane* huishia sawa; *sita* na *tisa* zina irabu zilezile kwa mpangilio uleule, na konsonanti zilezile zilizobadilishana nafasi. Imejulikana tangu miaka ya 1960 kuwa mfanano wa sauti huvuruga kumbukumbu ya aina hii. Kwa hiyo mtoto anayesema *tisa* badala ya *sita* huenda hana tatizo la kumbukumbu. Ameteleza mahali ambapo lugha yenyewe ina utelezi.

Upo pia ugumu wa mfumo wa kuhesabu. Katika Kiyao, lugha ya majirani wa upande wa Masasi na Tunduru, sita husemwa kwa maneno yenye maana ya "tano na moja". Mpimaji akitafsiri kipimo cha tarakimu kwa lugha ya namna hiyo, mfuatano wa namba nne huweza kuwa mfuatano wa maneno kumi. Hapo kipimo kimekufa. Njia iliyo salama ni kutumia maneno ya kawaida ya silabi mbili yasiyofanana kwa sauti, na kuyachagua maneno hayo ni kazi ya fonolojia.

5.0 Neno moja, sentensi nzima

Hojaji nyingi za makuzi humuuliza mzazi wa mtoto wa miaka miwili: "Je, mtoto ameanza kuunganisha maneno mawili?" Katika Kiingereza swali hili lina mantiki, kwa sababu kuunganisha maneno ndiyo sarufi yenyewe. Katika lugha ambishi bishi kama Kiswahili, mtoto anayesema *ananipiga* ametamka neno moja lenye mtenda, njeo, mtendwa na kitendo. Kwa hesabu ya maneno, mtoto huyu yuko nyuma ya yule anayesema *mama maji*. Kwa hesabu ya mofimu, amemwacha mbali.

Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, alieleza jinsi watoto wanavyodondosha viambishi vya nafsi na vya njeo katika hatua za mwanzo. Lakini Nairobi, watu wazima nao huweza kudondosha kiambishi cha nafsi katika mazungumzo. Udondoshaji wa mtoto wa huko kwa hiyo una vyanzo viwili, umri na lugha aisikiayo, na kigezo kilichopatikana Nairobi hakiwezi kuhamishiwa pwani ya Mtwara bila kupimwa upya. Wala haitoshi kusema kuwa vyote ni Kiswahili.

Msamiati una mitego yake pia. Orodha iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza humtaka mtoto aonyeshe viungo viwili ambavyo Kiswahili huviita *mkono* kwa neno moja, na vingine viwili viitwavyo *mguu*. Upande wa pili, pale Kiingereza kina neno moja tu, Kiswahili kinatofautisha *mpunga*, *mchele* na *wali*, na mtoto wa miaka mitatu anazijua tofauti hizo kwa vitendo. Mtoto wa Mpapura, anayecheza chini ya mikorosho msimu mzima, huenda akatofautisha *bibo* na *korosho* mapema sana, maneno ambayo orodha iliyotungwa penginepo haitamwuliza. Na akisema *chitanda*, kwa kufuata kiambishi *chi-* cha Kimakonde, je, aandikiwe kasoro ya matamshi? Anayejua Kimakonde atasikia ngeli. Asiyejua atasikia ulemavu wa usemi.

Kazi ya Katie Alcock na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2015, inaonyesha kuwa mambo haya yanaweza kushughulikiwa. Waliandaa orodha za mawasiliano ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama ambazo mzazi asiyesoma huulizwa kwa mdomo. Kilifi vilevile kulitungwa kipimo cha maendeleo ya mwili na akili cha watoto wa miezi 6 hadi 35, kilichoelezwa mwaka 2008 na Amina Abubakar, Holding na wenzao. Na Malawi ina kipimo chake chenye vipengele 136, kilichochapishwa na Melissa Gladstone na wenzake mwaka 2010. Ubora wa kazi hizi ni kwamba hazikuanza na tafsiri. Zilianza na watoto wa mahali penyewe.

Mfano wa Pemba unafaa kutajwa, kwani unaonyesha kuwa kinachopatikana kwa kumwuliza mzazi si kidogo. Rebecca Stoltzfus, Jane Kvalsvig, Hababuu Chwaya na wenzao waliwachunguza watoto 614 wa miezi 6 hadi 59, waliopewa madini ya chuma au dawa bandia kwa miezi 12. Maendeleo ya lugha na ya viungo yalipimwa kwa mahojiano na wazazi. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kuwa madini ya chuma yaliinua lugha ya watoto, na kwamba kwa upande wa viungo nafuu ilionekana kwa wale tu walioanza wakiwa na upungufu mkubwa wa damu. Badiliko la kemia ya damu lilisikika katika maneno ya mtoto, na aliyelisikia kwanza ni mama yake.

6.0 Mashine haiiondoi lugha

Huenda ikadaiwa kuwa haya yote ni matatizo ya kupita, yatakayokwisha vifaa vya kisasa vikienea. Katika kijiji cha Keneba, Gambia, watafiti wakiongozwa na Sarah Lloyd-Fox walitumia kofia yenye taa za mwanga usioonekana kwa macho kupima mtiririko wa damu katika ubongo wa watoto wachanga, na matokeo yakatolewa mwaka 2014. Kifaa hicho hubebeka, hakina mionzi ya hatari, na hakimtaki mtoto ajibu. Hata hivyo, ili ubongo uonekane ukifanya kazi, mtoto sharti asikilizishwe kitu, na mara nyingi kitu hicho ni sauti ya binadamu. Swali la sauti ipi, ya nani, kwa lugha ipi, na kwa lafudhi gani halijaondoka. Limehama tu kutoka mdomo wa mtoto hadi sikio lake.

Suala la mazoea ya kupimwa nalo halihusu mashine. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, katika utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 2002, waliwapima wanafunzi, wakawapa mafunzo mafupi ya namna ya kuyakabili maswali, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, na alama za mara ya pili zilikuwa na uhusiano mzuri zaidi na vipimo vingine vya utambuzi kuliko zile za mara ya kwanza. Maana yake ni kuwa kipimo cha mara moja, kwa mtoto ambaye hajawahi kuulizwa na mtu mzima swali ambalo mtu mzima huyo tayari analijua jibu lake, hupima ugeni kuliko akili.

7.0 Ajira na mafunzo

Nani basi hufanya kazi hii, na huingiaje? Njia zilizofuatwa hadi sasa ni za watu wa saikolojia na udaktari. Amina Abubakar, mzaliwa wa Kenya, alifanya shahada ya uzamivu Tilburg, Uholanzi, kwa kutumia data za Kilifi, na baadaye akaongoza taasisi ya maendeleo ya binadamu katika Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi. Paul Bangirana alisomea uzamivu wake Makerere kwa ushirikiano na Karolinska, Sweden. Wote wawili walianza na tatizo la watoto wa nchi zao, na umaarufu wa kitaaluma ukafuata. Tangu mwaka 1993 kuna pia Jumuiya ya Wanasayansi wa Neva wa Afrika (SONA), ambayo mikutano yake hufungua milango kwa wanafunzi.

Ngazi ya chini ya utafiti ina watu ambao majina yao huonekana kwa nadra juu ya makala: wapimaji. Huyu ndiye anayekaa mkekani na mtoto. Kilifi imewategemea vijana wenyeji wenye elimu ya sekondari waliofundishwa kazi, na ukweli ni kwamba ubora wa data yote hutegemea sikio lao. Mhitimu wa isimu anayejua Kimakonde angekuwa mpimaji bora, na mkufunzi bora zaidi wa wapimaji, lakini matangazo ya nafasi hizo hayamtaji, na idara za Kiswahili hazimwambii kuwa zipo.

Upande wa tiba, upungufu ni mkubwa zaidi. Makerere ilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi mwaka 2008. Tanzania bado ina watabibu wachache mno wa fani hiyo, na mtoto wa Mpapura aliyepoteza usemi baada ya malaria hana wa kumwendea karibu. Wanaomfikia kwanza ni mwalimu wa darasa la awali na mhudumu wa zahanati. Mtwara ina vyuo vya ualimu, na ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kinachofundisha walimu. Somo la upataji wa lugha likifundishwa huko kwa mifano ya watoto wa mkoani, mwalimu ataweza kutofautisha mtoto anayebadili ngeli kwa mazoea ya nyumbani na mtoto ambaye sentensi zake zimefupika baada ya kulazwa.

Istilahi nazo zinangoja. *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ya mwaka 1990 na *Kamusi ya Tiba* ya mwaka 2003, zote za TUKI, zilitandika msingi kwa upande wa mwili. Kwa upande wa utambuzi, mtafiti anayeandika fomu ya ridhaa kwa ajili ya mzazi bado hujitungia mwenyewe namna ya kusema kuwa uzingativu, kumbukumbu na uwezo wa kupanga mambo ni vitu vitatu tofauti, na kila mradi hutunga kivyake. Mzazi wa Kilifi na mzazi wa Bagamoyo husaini maneno tofauti kwa jambo moja. Kuyakusanya maneno yaliyokwisha kutumika katika fomu hizo, kuyapima kwa wazazi wenyewe na kuyafikisha BAKITA ni mradi wa shahada ya uzamili ambao hauhitaji maabara. Unahitaji nauli ya basi, daftari, kinasa sauti, na mtu anayejua kusikiliza lugha mbili kwa wakati mmoja.